Soko Lenye Mlango Mmoja

Katika mtaa wa Viwanja Sitini, mjini Ifakara, watu hawakuhitaji saa ya ukutani. Mashine ya Teofili ikianza kunguruma, walijua ni saa moja na nusu asubuhi. Pumba ziliruka nyuma ya banda, kuku wakazikimbilia, na siku ikawa imeanza.

Teofili alikoboa mpunga. Mkewe, Domitila, alikaa upande wa pili wa banda pamoja na Digna na Dativa, wanawake wawili aliowaajiri. Walipepeta, wakaokota mawe, wakatenga chenga, zile punje zilizovunjika. Mchele uliobaki waliufunga kwenye mifuko ya kilo tano. Kila mfuko ulibandikwa karatasi yenye maandishi ya kijani: Mchele wa Domitila, Ifakara.

Domitila alikuwa na miaka arobaini na minne. Alizaliwa Mofu, kando ya mto, kwa wakulima wa mpunga. Hakuwa msemaji sana. Lakini ukimpa punje kiganjani, angekuambia kama ni mchele wa aina ya supa halisi au umechanganywa.

Zamani waliuza mchele kwa madalali waliokuja na malori yao. Dalali akitaja bei, ndiyo hiyo. Ukikataa, alihamia kwa jirani. Kisha ikaja programu ya simu iitwayo Gulio Kiganjani. Mteja wa Dar es Salaam alifungua simu, akaona mchele, akaagiza. Gari la Gulio lilipita Ifakara mara mbili kwa wiki kuchukua mizigo. Kampuni ilikata kamisheni yake, na pesa iliyobaki ikaingia kwenye simu ya muuzaji siku hiyohiyo.

Katika miaka mitatu, karibu wauzaji wote wa mchele mjini walijiunga. Madalali walipungua, wengine wakaacha kabisa kuja.

"Simu hii imetutoa mbali, Mama Beno," Teofili alipenda kusema. Beno lilikuwa jina la mtoto wao wa kwanza.

Na ilikuwa kweli. Simu ile ilikuwa imewatoa mbali.

Jumanne moja, mwezi wa tatu, ujumbe uliingia: "Ndugu muuzaji, tumeboresha masharti yetu. Soma, kisha bonyeza Nakubali ili uendelee kuuza."

Masharti yalikuwa kurasa ishirini na moja, maandishi madogo kama ulezi. Gari la mizigo lilikuwa linapiga honi nje. Mikono ya Domitila ilijaa vumbi la pumba. Alibonyeza Nakubali kwa kidole cha mwisho, akaendelea na kazi.

Wiki mbili baadaye alipigiwa simu na mpishi mkuu wa shule moja ya bweni huko Morogoro. Mpishi alikuwa ameula mchele wa Domitila kwenye harusi. Alitaka mifuko arobaini. Domitila aliipeleka kwa basi, na kwa kuwa hapakuwa na kamisheni ya kukatwa, alimpunguzia bei kidogo. Mpishi alifurahi. Domitila naye alifurahi. Aliweka picha ya mifuko kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, akaandika: "Karibuni, tunauza pia moja kwa moja."

Siku ya tatu alifungua Gulio asione duka lake. Alizima simu, akaiwasha. Duka halikuwepo. Akapiga namba ya huduma kwa wateja. Kijana mmoja alipokea, akajitambulisha kwa jina la Justin.

"Duka langu silioni, kaka," Domitila alisema.

"Pole sana, mama. Mimi naliona hapa. Limefungiwa. Umekiuka kipengele cha kumi na nne."

"Kinasemaje hicho?"

"Kinasema muuzaji wa Gulio hatauza kwenye programu nyingine, wala kwa simu, wala kwa njia yoyote ile nje ya Gulio."

"Hata nyumbani kwangu? Jirani akija na bakuli lake?"

"Mimi nasoma kilichoandikwa tu, mama. Ukituandikia barua ya kuahidi kwamba utauza kwetu peke yetu, duka litarudi."

Domitila alikata simu. Alikaa juu ya gunia la chenga, asijue amwambie nini mumewe.

Mwisho wa mwezi wa nne banda lilikuwa limejaa mifuko hadi karibu na dari. Digna na Dativa waliambiwa wawe wanakuja siku tatu tu kwa wiki. Dativa alikunja kanga yake, akaaga, na Domitila akashindwa kumtazama usoni.

Kisha mdogo wake Domitila, Evaristo, alifika na pikipiki kutoka Mofu, matope yamemfika magotini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mpunga umeanza kuiva. Watu wananiuliza, dada yako anakuja lini kununua?"

Domitila alimkaribisha uji.

Alhamisi hiyo, wakoboaji watano wa mtaani waliitwa kwa mzee Makoye, mkoboaji wa sita. Makoye alikuwa Msukuma aliyehamia bonde la Kilombero miaka mingi iliyopita. Alianza na ng'ombe wawili na jembe la kukokota. Sasa alikuwa na mashine mbili na lori. Kila mmoja alimwamkia, wakakaa kwenye magunia uani kwake. Watatu kati yao walikuwa wamefungiwa maduka kama Domitila. Wengine waliogopa kufungiwa.

"Jamani," Makoye alianza, "Gulio wanatubana kutoka juu. Nasi tubane chini. Wote sita tununue mpunga kwa bei moja, ile ya chini ya mwaka juzi. Mkulima ataenda wapi? Azunguke na gunia lake Ifakara nzima, atakuta bei ni ileile."

Watu walicheka. Karatasi ikapitishwa. Ilipofika kwa Teofili, alichukua kalamu. Domitila aliweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Subiri, Baba Beno. Hili tukalizungumze nyumbani kwanza."

Njiani walitembea hadi walipofika kwenye kona ya duka la dawa. Teofili ndiye aliyeanza.

"Wenzetu wote wanatia sahihi. Sisi tutabaki kama nani?"

"Huyo mkulima wa kuzungushwa na gunia ni Evaristo."

"Evaristo ni shemeji yangu, nampenda. Lakini mashine haili upendo, Mama Beno. Inakula umeme."

Domitila alijua mumewe hakusema vile kwa ubaya. Yeye mwenyewe, pale uani, alikuwa ameona karatasi ile ni njia ya kupona. Hilo ndilo lililomtia aibu.

"Kesho twende halmashauri," alisema mwishowe. "Tukamwone yule binti afisa biashara. Tukaulize tu."

Afisa biashara aliitwa Violeth. Alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti kubwa. Alisimama walipoingia.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba. Karibuni, vuteni viti."

Domitila alieleza yote, kuanzia ujumbe wa simu hadi maneno ya Justin. Violeth alisikiliza huku akiandika. Kisha akaomba aone hicho kipengele cha kumi na nne. Alikisoma mara mbili.

"Mama," alisema, "kwanza tuelewane. Gulio kuwa kubwa si kosa. Mtu akiwapata wateja kwa huduma nzuri, hongera yake. Shida inakuja pale mkubwa anapotumia ukubwa wake kufunga njia za wengine. Wewe umefungwa, huwezi kuuza kwingine. Programu nyingine ikitaka kuja Ifakara, itamkuta nani wa kuuza? Hakuna, wote mmefungwa. Na mteja naye anabaki na duka moja. Soko likibaki na mlango mmoja, mwenye mlango anapanga anavyotaka."

"Lakini nilibonyeza Nakubali," Domitila alisema kwa sauti ya chini. "Sikusoma."

"Siku nyingine usome. Ukichoka, niletee tusome wote. Lakini sharti linalokatazwa na sheria haliwi halali kwa sababu umelibonyeza."

Teofili akasogeza kiti. "Kwa hiyo Gulio wana kosa?"

"Mimi si hakimu, baba. Nchi yetu ina sheria ya ushindani, na ipo Tume ya Ushindani inayoisimamia. Tume itachunguza kampuni ina nguvu kiasi gani sokoni, na sharti hili limemuumiza nani. Kampuni nayo itasikilizwa. Inaweza kuchukua miezi. Lakini bila malalamiko, Tume itajuaje ya Viwanja Sitini?"

Teofili alikohoa. Alitazama sakafu, kisha akasema, "Kuna jambo jingine. Kuna wakoboaji sita, nasi tukiwemo, wanataka kupanga bei moja ya kununua mpunga."

Violeth aliweka kalamu chini.

"Mmetia sahihi?"

"Bado."

"Basi msitie. Hilo ni kosa, tena kubwa. Washindani wakikaa kupanga bei, wanamnyang'anya mtu anayewauzia nafasi ya kuchagua. Na msidhani ni karatasi tu. Hata mkikubaliana kwa mdomo, kosa ni lilelile."

"Lakini sisi ni wadogo!" Teofili alisema. "Gulio ndio wakubwa."

"Kwa Gulio ninyi ni wadogo, baba. Kwa mkulima wa Mofu, ninyi sita mkishikana mikono, ndio Gulio wake."

Teofili alijifuta jasho.

"Sasa wenzangu wamekwama kama mimi," Domitila alisema. "Hatuwezi kufanya lolote pamoja?"

"Mnaweza mengi. Kodini lori pamoja. Lalamikeni pamoja. Tafuteni wateja wapya. Lakini bei, kila mtu apange yake."

Kisha Violeth aliwafundisha namna ya kuandaa malalamiko. Wasifute ujumbe wowote wa Gulio. Wapige picha ya skrini inayoonyesha duka limefungiwa. Waandike tarehe, jina la waliyeongea naye, na alichosema. Waonyeshe walikuwa wakipata oda ngapi kabla ya kufungiwa, na ngapi baada ya hapo.

"Kama unaogopa, mama, unaweza kuomba jina lako lisitangazwe," aliongeza.

Domitila alifikiri. Gulio wakimjua, huenda wasimrudishie duka lake maisha yake yote. Kisha akatikisa kichwa.

"Jina langu limebandikwa kwenye kila mfuko ninaouza. Nitajificha wapi? Liandike."

Jioni ile walipita kwa Makoye. Mzee alikuwa amekaa uani, karatasi yake imekunjwa mfukoni mwa shati.

"Mmepeleka siri zetu serikalini?" aliuliza baada ya kusikia walikotoka.

"Hatujamtaja mtu, mzee wangu," Domitila alijibu. "Tumeuliza sheria, na sheria inasema ni kosa. Ningenyamaza, ukakamatwa, ningekutazamaje?"

Makoye alitoa karatasi, akaichana vipande viwili, akaingia ndani. Hakuaga. Siku mbili baadaye walisikia kwamba yeye hatalalamika. Ameiandikia Gulio barua ya kuahidi kuuza kwao tu. Wateja wake wa nje ya Gulio, wa Sanje na wa Mahenge, amewapigia simu kuwaambia basi.

Wakoboaji watatu walikubali kuandika malalamiko pamoja na Domitila. Violeth aliwasaidia kuyapanga, yakatumwa kwa Tume.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Mashine ya Teofili ilinguruma siku tatu kwa wiki, na majirani wakawa wanachelewa kazini. Domitila hakukaa kusubiri. Yeye na wale watatu walikodi lori pamoja kila Jumamosi. Kila mmoja alipakia mzigo wake, kwa bei yake. Walishusha kwa wafanyabiashara wadogo wa Sanje, wakaendelea hadi Morogoro. Yule mpishi alimpeleka Domitila kwa mpishi mwenzake wa shule nyingine. Mpunga wa Mofu aliununua, ingawa si wote. Kwa Evaristo alichukua magunia kumi na mawili badala ya arobaini, akamweleza ukweli kwa nini, na kwa nini alikataa bei ya kupangwa: mkulima naye awe na pa kuchagua.

"Usijali, dada," Evaristo alisema. Lakini alisema huku akitazama pembeni.

Mwezi wa nane, Makoye alikuja mwenyewe bandani. Alikataa kiti.

"Mama Beno, Gulio wameongeza kamisheni. Nikawapigia kulalamika. Wakaniambia, mzee, kama hupendi, ondoka." Alicheka bila furaha. "Niondoke niende wapi? Wateja wangu wa nje nimewafukuza kwa mdomo wangu."

Domitila hakumwambia "nilikwambia." Aliita Digna alete maji ya kunywa. Kisha akasema, "Watu wa Tume wamesema watakuja wiki ijayo kutuhoji. Ukiwaeleza hilo, litasaidia."

Walikuja, mwanamke na mwanamume, na madaftari yao. Walikaa Ifakara siku tatu. Walimuuliza Domitila maswali mengi, mengine magumu. Je, Gulio halikumsaidia? Alisema lilimsaidia sana. Je, anataka lifungwe?

"Hapana," alijibu. "Likifungwa, nitarudi kwa dalali. Nataka liuze mchele wangu kwa sababu linauza vizuri, lisiuze kwa kunifunga kamba."

Makoye naye alieleza. Barua yake ya ahadi, nakala yake alikuwa ameitunza, akaitoa.

Mwaka ulipinduka. Siku moja ya Jumatatu, Violeth alipiga simu. Sauti yake kubwa ilisikika hata kwa waliokuwa mbali na simu.

"Mama Domitila! Kampuni imesikilizwa, na imekubaliana na Tume. Kipengele cha kumi na nne kinafutwa, kwa wauzaji wote nchini. Waliofungiwa kwa ajili yake wanarudishiwa maduka. Na kuanzia sasa, kabla ya kumfungia mtu, wampe sababu kwa maandishi na nafasi ya kujibu."

Digna na Dativa walipiga vigelegele. Teofili alizima mashine ili asikie vizuri, na jirani akachungulia ukutani kuuliza kama umeme umekatika.

Mabadiliko hayakuwa ya siku moja, wala hayakuwa matamu yote. Gulio liliacha kuwapa wauzaji mifuko ya bure, likisema haliwezi kumgharimia anayeuza na kwingine. Domitila alianza kununua mifuko yake. Lakini kabla ya masika kwisha, programu mbili nyingine zilifungua ofisi Ifakara kutafuta wauzaji. Masharti ya kila moja Domitila aliyasoma mwanzo hadi mwisho, Jumapili baada ya misa, miwani puani. Moja aliikataa. Gulio nalo, kuona wenzake wamekuja, lilipunguza kamisheni na kuongeza gari la tatu kwa wiki. Mashine ikanguruma siku sita. Digna na Dativa wakarudi kazi kamili, na akaongezwa mwenzao wa tatu.

Mwezi wa sita Domitila na Teofili walikwenda Mofu na lori la kukodi kununua mpunga. Safari hii walitaka kununua wote. Walipofika kwa Evaristo, walikuta lori jingine limeegeshwa, nusu limejaa. Makoye alikuwa amesimama kando yake, kofia kichwani, akiwasimamia wapakiaji.

"Shikamoo, dada. Shikamoo, shemeji," Evaristo alisema haraka haraka.

"Marahaba. Lori hilo linafanya nini hapa?"

"Mzee Makoye amefika jana. Ametoa bei nzuri kuliko yako ya mwaka jana. Nimemuuzia nusu."

Domitila aliyatazama magunia yaliyokwisha kupakiwa. "Hata wewe, mdogo wangu?"

"Dada," Evaristo alisema, na safari hii alimtazama usoni, "si ulisema mkulima naye awe na pa kuchagua? Nimechagua."

Teofili ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka hadi akashika tumbo. Domitila alimkazia macho, lakini midomo yake mwenyewe ikamsaliti.

Alienda kwenye magunia yaliyobaki. Akatoa punje chache, akazimenya kwa kucha, akauma moja. Zilikauka vizuri, hazikuvunjika. Alijua mchele wake utakuwa mzima, na wateja wake wa Morogoro wangelipa vizuri kwa mchele mzima. Akapiga hesabu kichwani. Kisha akataja bei yake kwa sauti, ili kila aliyekuwa pale asikie. Ilikuwa juu kidogo ya ile ya Makoye.

Evaristo alipiga mluzi. Wakulima wawili waliokuwa wakipita na baiskeli zao wakasimama.

"Mama, hiyo bei ni ya Evaristo peke yake," mmoja aliuliza, "au hata wangu utauangalia?"

"Lete nione punje zako," Domitila alisema.

Makoye alivua kofia, akajikuna kichwa. "Haya, Mama Beno," alisema. "Leo umenishinda. Kesho niko Mofu tena, nami nitakuja na bei yangu."

"Karibu, mzee wangu," Domitila alijibu, akainama kushika ncha ya gunia la kwanza.